Nilivyozoea gurudumu la mkia lenye kufuli

Ndege yangu ni ya viti viwili, niliiunda mwenyewe, na kwa miaka minne gurudumu lake la mkia liliongozwa na pedali. Minyororo miwili mifupi yenye springi ililiunganisha na usukani wa mkia, ule unaogeuza pua kushoto au kulia: kanyaga kulia, nalo linaelekea kulia. Kutembea ardhini ilikuwa raha tupu. Kasheshe ilikuwa kutua upepo ukivuma toka ubavuni.

Hapo unatangulia kugusa kwa magurudumu makubwa ya mbele huku umekanyaga pedali moja ili pua inyooke. Mkia ukishuka, gurudumu dogo linakuta lami likiwa tayari limepinda, na ndege inachepuka kama mbuzi aliyeshtuliwa. Uzito wa ndege hizi uko nyuma ya magurudumu makubwa, kwa hiyo mkia ukianza kwenda pembeni unataka kuipita pua. Siku moja nilijikuta natazama nilikotoka, ncha ya bawa imejaa nyasi.

Nikaliondoa, nikaweka gurudumu lenye kufuli. Ni pini tu, inadumbukia kwenye tundu gurudumu likinyooka, na kebo yake inaishia kwenye kiwiko cha kusukuma kwa mkono kando ya kiti. Ukiifungua, gurudumu linazunguka litakavyo, kama la toroli, na kona zote unazikata kwa breki. Siku ya kwanza nilitembea kama mlevi: breki ya kushoto, nimepitiliza; ya kulia, nimepitiliza tena. Dawa ni kugusa na kuachia, na kuanza kugusa breki ya pili kabla pua haijafika unakotaka.

Lililonisumbua zaidi ni pini. Nilikuwa nafika mwanzo wa njia ya kurukia, nasukuma kiwiko, naamini nimefunga, kumbe gurudumu bado limekaa upande na pini inasubiri nje ya tundu. Ukiongeza moto wa injini hapo, utajua. Sasa natembea moja kwa moja mita kumi hivi, nafunga, kisha nagusa breki moja kidogo. Mkia ukigoma kusogea, pini imeingia. Nikishatua sikati kona kabla ya kufungua, maana kulazimisha ni kuikata pini.

Hata likifungwa, fimbo ya kuongozea ndege naivuta nyuma hadi mwisho ili mkia ukandamizwe chini. Gurudumu lisilobeba uzito halishiki kitu, na pedali bado zina kazi. Ndege ya kivita P-51 ya Vita vya Pili vya Dunia ilitumia fimbo hiyohiyo: ukiivuta nyuma, gurudumu linafuata pedali kwa nyuzi 6 tu kila upande, ukiisukuma mbele, linaachiwa lizunguke. Ningeipata hiyo, kiwiko ningekitupa.

Upepo ukiwa mkali na nina safari ndefu ya ardhini, nazikumbuka springi zangu. Wakati wa kutua, hata kidogo.