Moyo Ukifa Ganzi Ughaibuni: Mwanga, Dagaa na Simu ya Jumatano

Simu inaingia kutoka Ujiji, Kigoma: shangazi amefariki. Unasema "poleni sana", unauliza mazishi ni lini, unatuma rambirambi, kisha unarudi kumalizia vyombo. Chozi hakuna. Usiku unajilaumu kwamba umeshakuwa Mzungu.

Hiyo ni ganzi ya moyo. Huzuni huuma na mtu hulalamika; ganzi haiumi, ndiyo maana watu hukaa nayo miezi bila kuisema. Huletwa na zamu ndefu, usingizi wa vipande vipande, giza la majira ya baridi, msiba uliofuatiliwa kwenye simu, au ni dalili ya sonona (depression) yenyewe. Baadhi ya dawa za sonona nazo huweza kuileta.

Kosa kubwa ni kusubiri hamu. "Nikijisikia nitapika." Hutajisikia. Tiba mojawapo ya sonona huanza upande wa pili: kitendo kwanza, kidogo, saa ile ile kila siku, hisia zifuate zikitaka. Kidogo ni dakika 10 hadi 30, si kulipia gym ya mwaka mzima kisha kuikimbia wiki ya pili.

Anza na mwanga. Kigoma iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, mchana wake ni karibu saa 12 mwaka mzima. Na kwa kuwa sisi wa Kigoma, mwisho wa reli, tunafuata saa za Dar es Salaam ilhali tuko magharibi kabisa, jua letu huchomoza karibu na saa moja asubuhi. Mwili uliozoea hivyo ukiupeleka Stockholm mwezi Desemba unakuta mchana wa saa 6 hivi. Kukishapambazuka, toka nje dakika 20 hadi 30 bila miwani ya jua, hata kama kuna mawingu. Mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaizidi mara kadhaa taa ya sebuleni. Kama zamu hairuhusu, kuna taa za laksi (kipimo cha mwanga) 10,000: unakaa mbele yake dakika 30 asubuhi, kwa umbali ulioandikwa kwenye karatasi yake, bila kuikodolea macho. Ukiiwasha jioni itakuibia usingizi. Mwenye maradhi ya macho, au ambaye hisia zake zimewahi kupanda kupita kiasi, amuulize daktari kwanza.

Baada ya mwanga, harufu. Kwa mtu wa Kigoma hakuna kitu kinachogonga haraka kama mawese na dagaa, na kupika kunashughulisha mikono. Kwa mtu mmoja chukua dagaa gramu 50, kama viganja viwili. Waliokaushwa kwenye mchanga huwa na chengachenga. Waoshe mara mbili kwa maji ya uvuguvugu, haraka, usiwaloweke maana watakatika. Wakaushe, wakaange bila mafuta dakika 3 au 4 kwa moto wa wastani, kisha waweke pembeni. Mawese kwenye baridi huganda. Usichokonoe kwa kisu, simamisha chupa kwenye maji ya moto dakika 10. Vijiko 2 vya chakula vinatosha. Tia kitunguu mafuta yakianza kuchemka, kabla hayajatoa moshi. Kisha nyanya 2, chumvi, dagaa, na nusu ndimu mwishoni. Dakika 5 zaidi, epua.

Yanayoharibika ni yale yale. Koti lililoachwa mlangoni litanuka dagaa hadi kazini, kwa hiyo lifungie kabatini, funga chumba cha kulala, fungua dirisha kabla ya kuwasha moto. King'ora cha moshi kikilia, punguza moto. Usikivishe mfuko wa plastiki, maana utausahau humo. Na mawese ya duka la Waafrika mara nyingi ni ya Afrika Magharibi, mengine yametiwa viungo. Hayatanukia kama ya Mwandiga kule Kigoma, na ukiyategemea yafanye kazi ile ile utadhani ganzi imezidi.

Usiwatunze dagaa kwa ajili ya siku maalumu. Watapata ukungu, na siku maalumu haitafika.

Wa Tabora wana asali. Forodha za Umoja wa Ulaya huruhusu msafiri kuingia na asali hadi kilo 2. Nyama na maziwa haviruhusiwi. Asali ikiganda, weka chupa kwenye maji ambayo mkono unayavumilia, usiichemshe. Tangawizi ya chai itwange kwenye kinu, ukubwa wa kidole gumba. Ya unga haikupi ile kazi ya kutwanga.

Sasa simu, na hapa ndipo wengi wetu tunapojiumiza. Mtu anayejua kwamba kila simu mwisho wake ni ada, bati au dawa, moyo wake hujifunga kabla ya "shikamoo". Tenganisha: mambo ya pesa yaandikwe na yajibiwe Jumamosi, Jumatano iwe sauti tupu, dakika 15. Usiulize "habari za huko", utajibiwa "nzuri". Uliza dagaa pale Kibirizi, Kigoma, ni bei gani, mvua zimeanza, leo mmepika nini. Mama akiwa jikoni, mwombe aweke simu kando aendelee kusonga ugali, sikiliza mwiko. Kumbuka pia saa: wakati wa baridi Ujerumani na Uswidi ziko nyuma ya Tanzania kwa saa 2, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba kwa saa 1. Nyumbani hawana habari na mabadiliko hayo, watadhani umewakwepa.

Hisia inayorudi kwanza mara nyingi si furaha. Ni hasira kwa dereva wa basi, au kilio kwenye foleni ya duka. Usiikanyage.

Wiki 2 zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari. Omba wapime tezi ya shingo, damu na vitamini D. Kama unatumia dawa ya sonona na ganzi ilianza baada yake, mwambie, usiiache ghafla. Mawazo ya kujiua hayasubiri miadi: Ulaya piga 112, Marekani 988. Ukifika kwa daktari, usimtafutie mkalimani neno la "ganzi ya moyo", huenda asilipate. Andika kwenye karatasi: tangu mwezi gani chakula hakina ladha, unalala saa ngapi, msiba upi hukuulilia.