Kijiwe cha kwenye maharage

Goma yetu imejengwa juu ya mawe ya volkano, hilo tumezoea. Ila mwaka 2018 kijiwe kimoja kilinifuata hadi kwenye sahani. Ilikuwa Jumapili, kwa shangazi yangu, mtaa wa Himbi: fufu, sombe, maharage. Nilitafuna mara moja nikasikia *ta!* ndani ya kichwa, kama kijiti kikavu. Nikatema kijiwe cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Shangazi akamgombeza aliyechambua maharage, kisha akanigeukia: "Tafunia upande mwingine, mama. Kesho litatulia."

Jino halikutulia. Ajabu yake, halikuuma nilipouma kitu, liliuma nilipoachia. Wiki mbili nilitafunia kushoto tu, mpaka chai ya moto ikaanza kunitoa machozi.

Daktari wa meno alinipa kijiti nikiume, halafu niachie. Niliruka. Akazima taa, akaelekeza kurunzi nyembamba ubavuni mwa gego, akanishikia kioo nijionee. Nusu ya jino ilikuwa inang'aa kama nta ya mshumaa, nusu giza tupu. Mwanga ulifika kwenye ufa ukakatika hapo hapo.

Akanieleza. Tukiling'oa, pengo litazibwa kwa daraja, yaani jino la bandia linaloshikizwa kwa majirani zake, na daraja litataka tusage meno mawili mazima ya pembeni, yasiyo na kosa lolote. Au skrubu ya titani ndani ya taya, ya kubebea jino la bandia. Hiyo yeye haweki, ningevuka mpaka hadi Kigali, kisha ningoje miezi mfupa uishike. Tukilibakiza, atatoa kiini, ile nyama yenye neva ndani ya jino, atasafisha mizizi, atalivika kofia ngumu ya kulifunika, maana gego lililotolewa kiini bila kofia hupasuka upesi. "Lakini sikudanganyi, dada. Nikifungua nikakuta ufa umeshuka hadi chini, naling'oa siku hiyo hiyo."

Shangazi hakuwa na mashaka. "Ng'oa! Baba yako aling'oa yote, mbona anakula?"

Anakula, ndiyo. Nilikumbuka meno yake ya bandia ndani ya kikombe cha bati, kando ya redio, na mahindi ya kuchoma aliyokuwa akituomba tumpukutulie, akimumunya punje moja moja huku akitutazama sisi tunaoguguna gunzi. Hapo nikaamua. Kung'oa ningeweza hata mwaka ujao. Kurudisha, ningerudisha nini?

Siku yenyewe nilifungwa mpira mwembamba mdomoni, jino likachomoza peke yake katikati. Ganzi ilishika vizuri. Nilisikia harufu ya javeli, ile ya kung'arishia nguo nyeupe (kweli ni ndugu yake, ndiyo dawa ya kuoshea mizizi) na visindano vikikwaruza kwa ndani. Kisha umeme ukakatika. Tukangoja jenereta, mimi mdomo wazi, kinywa kimoja cha mpira na mate. Taa iliporudi aliinama muda mrefu bila kusema neno, nami nikawa nahesabu vigae vya ukutani.

"Umeishia juu," akasema hatimaye, akaomba sindano nyingine.

Kofia iliwekwa wiki tatu baadaye. Jumapili iliyofuata nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta uani, miwani puani, ungo magotini, anachambua maharage mwenyewe. Ukingoni mwa ungo alikuwa amepanga vijiwe vitatu vyeusi.

"Hivi vilikuwa vyako," akasema.