Jinsi Nilivyohamisha Mafaili Kati ya Swichi na Kompyuta kwa FTP

Ofisi ninayoihudumia ipo Area D hapa Dodoma, na kazi niliyokabidhiwa ilikuwa kupandisha toleo la programu endeshi ya swichi moja ya Huawei (kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwenye mtandao), baada ya kwanza kuhifadhi nje nakala ya mipangilio yake. Waya wa konsoli, ule unaounganisha kompyuta moja kwa moja na swichi ili kuipa amri, ungeweza kubeba mafaili hayo, lakini kwa kasi yake ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, faili la megabaiti 20 huchukua takriban saa sita. Kwa hiyo konsoli niliiachia kazi ya kuandika amri tu, na mafaili nikayapitisha kwenye waya wa mtandao kwa FTP, yaani utaratibu wa kuhamisha mafaili kati ya vifaa.

Niliifanya swichi yenyewe kuwa seva kwa amri ya ftp server enable. Kisha, ndani ya sehemu ya aaa, inayosimamia akaunti za watumiaji, nikafungua akaunti yenye nywila, huduma ya ftp, ngazi ya 3 ya mamlaka na folda ya flash: (hifadhi ya ndani ya swichi), maana akaunti isiyopangiwa folda hukataliwa kuingia hata kama nywila ni sahihi.

Kutoka kwenye kompyuta nilianza na programu ndogo ya ftp iliyomo ndani ya Windows. Iliniingiza bila shida, lakini nilipoandika dir ili nione orodha ya mafaili, skrini ikanyamaza. Hali hii huwachanganya wengi, kwa sababu ping (jaribio la kuona kama kifaa kinafikika) inajibu na nywila imekubaliwa, hivyo mtu hudhani swichi ni mbovu. Ukweli ni kwamba FTP hutumia njia mbili: amri hupita poti namba 21, ilhali mafaili na orodha zake hufunguliwa njia ya pili. Katika hali tendaji, ambayo ndiyo pekee programu ile inayoijua, ni swichi inayoipigia kompyuta kutoka poti namba 20, na kinga ya kompyuta (firewall) humzuia mgeni huyo asiyetarajiwa. Sikutaka kuizima kinga, ingawa wengi ndivyo wafanyavyo. Nilichukua programu nyingine ya FTP, FileZilla, ambayo hutumia hali tulivu, yaani kompyuta ndiyo inayofungua njia zote mbili, na orodha ikatokea papo hapo.

Faili la vrpcfg.zip, lenye mipangilio ya swichi, lilishuka mara moja. Kabla ya kupandisha faili jipya la .cc, yaani programu endeshi yenyewe, nililazimika kupata nafasi, na hapa pana jambo la kuangalia: amri ya delete peke yake hulipeleka faili kwenye pipa la taka, ambamo linaendelea kula nafasi ileile, hadi uongeze /unreserved. Aina ya uhamishaji niliiweka kwenye bainari kwa mkono wangu, kwani hali ya matini inaweza kubadilisha alama za mwisho wa mistari na kuliharibu faili la programu. Lilipofika, nililinganisha ukubwa wake kwa baiti pande zote mbili, nikaliteua kuwa la kuwashia swichi kwa amri ya startup system-software, nikahakikisha kwa display startup, na kuiwasha swichi upya jioni wafanyakazi walipokwisha kuondoka, ikiwa imeunganishwa kwenye betri ya akiba.

Baadaye niliandika undo ftp server na kuifuta akaunti ile. Kanuni za FTP ni za mwaka 1985, na nywila husafiri ndani yake wazi kabisa, kiasi kwamba yeyote anayenasa mawasiliano ya mtandao anaweza kuisoma. Nakala zinazofuata nazichukua kwa SFTP, ambayo huficha mawasiliano kwa msimbo, kupitia poti namba 22.