Milimita Tatu na Nusu

Watoto wengi wa Lamu huiona treni mara ya kwanza siku wanapofika Mombasa. Mimi niliiona hapahapa Lamu, mtaa wa Mkomani, nyumbani kwa ami yangu, chumba cha juu, ikizunguka juu ya meza iliyoshika ukuta hadi ukuta. Ami alikuwa fundi katika sheda ya injini Mombasa enzi za Reli ya Afrika Mashariki. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, bosi wake mmoja aliyekuwa akirejea Uingereza alimwachia sanduku zima: vichwa vya treni, mabehewa, reli, na transfoma ya kushusha umeme hadi volti 12. Sanduku likaja Lamu kwa jahazi, likakaa miaka mingi chini ya kitanda. Alipostaafu ndipo alipoifunga ile reli mezani, akajenga vilima vya plasta, na vile vidaka vya ukutani ambavyo wenziwe hupangia sahani za kale yeye akavifanya sheda ya mabehewa. Mkewe alinung'unika, kisha akanyamaza. Heri treni, alisema, kuliko kushinda barazani kuchambua siasa.

Kwa macho yangu reli ile haikuwa na ila yoyote. Kwa ami ilikuwa na ila moja, na kadiri alivyozeeka ilizidi kumuwasha.

"Hebu pima hapa," aliniambia jioni moja, akanipa kalipa yake ya kazini. "Baina ya reli na reli."

Nikapima. Milimita 16.5.

"Haya. Treni hii ni ya kweli iliyopunguzwa mara 76.2. Zidisha."

Nikatoa simu nikazidisha. Ikaja milimita 1,257.

"Reli ya Mombasa ni mita moja, milimita elfu kamili. Ya Uingereza ni 1,435. Sasa hii yangu, mwanangu, ni ya nchi gani?"

Sikuwa na jawabu, ila baadaye nilisoma nikapata asili yake. Upana wa milimita 16.5 unafaa kwa treni zilizopunguzwa mara 87, kipimo kiitwacho HO ambacho Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya hukitumia. Treni za Uingereza ni nyembamba kuliko za huko, na mota za zamani zilikuwa kubwa. Zikagoma kuingia ndani ya bodi. Watengenezaji wakaikuza bodi ikawa milimita 4 kwa kila futi moja, lakini reli wakaiacha palepale ilipokuwa. Hicho ndicho kipimo cha 00, na Waingereza wanakitumia hadi leo: treni imesimama kama mtu mzima aliyevaa viatu vya mtoto. Wako wasiokubali. Wengine wameipanua hadi 18.2, wakaiita EM, na wale wasiotaka masihara kabisa wameifikisha 18.83, ambayo ndiyo 1,435 halisi ikigawanywa kwa 76.2. Hao wote wanapanua. Ami alitaka kubana.

Na aliamua kubana mwaka gani? 2017. Tarehe 31 Mei mwaka huo ndipo treni ya Madaraka Express ilipozinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi, na nchi nzima ikawa inazungumzia reli pana ya kisasa, SGR. Hata hapa kwetu, kisiwa cha punda na mashua, watu walikuwa wakiisubiri reli ya LAPSSET, ule mradi wa bandari na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, iliyochorwa kuanzia Lamu tangu mradi ulipozinduliwa 2012. Nilidhani ami anafanya ukaidi wa kizee. Nilipomuuliza alijibu kwa utulivu tu: "SGR sikuifanyia kazi. Mimi nilikula mkate wa mita."

Njia nyepesi ilikuwepo. Kampuni ya Peco huuza reli tayari za milimita 12. Unakata, unaunga, umemaliza. Nikampigia debe hiyo. Ami akachukua kalamu: 12 mara 76.2 ni milimita 914, yaani futi tatu kamili. "Hiyo ni reli ndogo ya Ireland," akasema, na karatasi akaikunja. Hesabu yake yeye, elfu moja kugawanya kwa 76.2, ilitoka 13.12, na reli ya 13.12 haiuzwi dukani. Inatengenezwa kwa mkono, taruma kwa taruma, yale mapande ya kukingama yanayobeba reli.

Tulikuwa na mpaka mmoja wa muda. Mfungo Sita ulikuwa unakaribia, na kwa Maulidi nyumba ya ami hujaa wageni hadi ngazini. Mkewe alishasema mapema kwamba chumba cha juu ni cha kulala watu, meza iwe imetulia, pasiwe na waya wala misumari sakafuni.

Kuing'oa reli ya zamani hakuna hadithi. Ilikuwa ya chuma cha kawaida, na hewa ya bahari ilikwisha kuila kwa chini. Vipande vingine vilivunjikia mkononi. Mpya aliiagiza binamu yangu aliyeko London, vyuma virefu vyembamba vya nikeli na shaba, akavileta ndani ya bomba la plastiki. Hivi vilikuwa na kimo cha milimita 1.9 badala ya 2.54. Tofauti hiyo utaiona ndogo mpaka uizidishe: reli ya zamani, kama ingekuwa ya kweli, ingekuwa na kimo cha zaidi ya inchi saba na nusu. Ami alicheka. Alisema reli ya namna hiyo hakuwahi kuikanyaga.

Mataruma tulikata kutoka kwenye bodi za saketi, zile za mafundi wa redio zenye ngozi ya shaba juu. Kila moja upana milimita 3, urefu 25. Hapa nilitaka kujua kwa nini tusitumie mbao, maana mimi ni mchonga milango, mbao ndiyo kazi yangu. Kumbe mambo yalikuwa vingine: reli ya Mombasa kwa sehemu kubwa ililazwa juu ya mataruma ya chuma, kwa sababu mchwa wa bara wangezimaliza mbao. Kwa hiyo shaba ikipakwa rangi ya kutu inakaribia ukweli kuliko mbao yoyote ambayo ningeichonga.

Kazi yangu mimi ikawa ni kipimo. Nilichonga kigogo cha mpingo, saizi ya kidole gumba, chenye mifereji miwili ya kushika reli mbili zisisogee wakati wa kulehemu. Mpingo hauyeyuki, hauungui upesi, na haupitishi umeme. Nilipompelekea, ami akaweka kalipa. 13 kamili. Nikangoja sifa.

"Bado 0.12," akasema.

"Ami, hiyo ni karatasi!"

"Basi tia karatasi."

Nikakata ukanda wa karatasi ya daftari, nikaubandika kwa gundi ubavuni mwa mfereji, akapima tena. 13.1. Akakiweka kigogo mfukoni mwa shati, na kuanzia hapo kila asubuhi nilikuwa nakiomba kama mtu anayeomba ufunguo. Kwa ajili ya kona tulichonga kingine, kipana zaidi kwa robo ya milimita, kwa kuwa hata kwenye reli ya kweli kona huachiwa nafasi kidogo ili magurudumu yasibane.

Kulehemu ndiko kulikotutoa jasho, na si kwa mafumbo. Upepo wa kusi ulikwisha, kaskazi haujaanza, ni yale maleleji ambayo hata makuti hayatikisiki. Na feni ilibidi izimwe kwa kuwa inapoza ncha ya chuma cha kulehemia. Unapaka dawa kidogo juu ya shaba, unaweka reli, unagusisha ncha ya moto, unasogeza risasi. Kwa nukta mbili risasi inakaa kama tone tu. Halafu ghafla inalainika, inang'aa, inakimbia chini ya reli upande wa pili. Ikishakimbia, ondoa mkono. Ukichelewa, ngozi ya shaba inabanduka kwenye bodi na taruma limekufa. Moshi wake unakuja moja kwa moja machoni. Ami, mwenye umri wake ule na miwani miwili kwa pamoja, mkono wake haukutikisika hata mara moja. Mimi wangu ulitikisika, ila yeye alikuwa na subira na mkono kuliko na mdomo.

Halafu kila taruma lazima likatwe katikati ngozi yake ya shaba kwa tupa, mkwaruzo mmoja tu, kwa kuwa reli ya kushoto ni chanya na ya kulia ni hasi. Mkwaruzo usipofika chini, umeme unakatiza na ni shoti. Usiku tulipowasha transfoma kwa mara ya kwanza, taa yake ikafifia papo hapo. Shoti, na mataruma yako mamia. Ningekuwa peke yangu ningelia. Ami alichukua balbu ya tochi na betri, akakata reli vipande vinne, akajaribu kipande kimoja kimoja. Penye shoti akakigawa tena nusu kwa nusu. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakitafuta hitilafu za waya kwenye injini za dizeli, aliniambia. Mwishowe tukabaki na urefu wa kiganja, na ndani yake unywele wa risasi uliovuka mkwaruzo, mwembamba hata kucha ikautoa.

Magurudumu ya mabehewa yalikuwa rahisi. Unaitoa ekseli, unaishika kwenye jiliwa, unayasukuma magurudumu kuelekea ndani hadi nafasi baina ya migongo yao itoke 14.5 ifike 11.3, unarudisha. Ekseli inabaki na urefu uleule, ncha zake zinazungukia palepale. Vichwa vya treni ni habari nyingine. Ndani ya kile kichwa kidogo cha dizeli fremu ya plastiki ilikuwa inayagusa magurudumu mapya, ikabidi tuipige tupa pande zote mbili hadi ikawa nyembamba ya kutisha. Vichwa vya mvuke tuliviacha. Chuma chao cha ndani ni kinene, kingehitaji fremu mpya za shaba, na Maulidi yalikuwa mlangoni.

Kati ya hivyo vilivyoachwa kilikuwamo kile alichokipenda kuliko vyote, Garratt ya daraja la 59, injini ya mvuke, bodi ya bati aliyoiunda mwenyewe Mombasa kwa saa za mapumziko. Walioziona zenyewe wanajua: tani 252, boila katikati, mitambo miwili mbele na nyuma, magurudumu 28, kila injini imepewa jina la mlima. Zilijengwa Manchester na Beyer, Peacock katika miaka ya 50, zilikuwa 34, na hakuna reli ya mita iliyowahi kubeba injini ya mvuke kubwa kuliko hizo. Moja yao, Mount Gelai, iko makumbusho ya reli Nairobi. Ya ami ilikuwa haitembei, lakini aliitoa kidakani akaisimamisha juu ya reli mpya hivyohivyo bila magurudumu, juu ya vijiti viwili vya kiberiti.

Hapo ndipo nami nikaelewa. Kwa miaka yote bodi ile ilikuwa kwangu sanduku refu jeusi tu. Sasa ilining'inia nje ya reli pande zote mbili, nzito, ubavu mpana juu ya njia iliyokaribia kupotea chini yake, na mtu unajiuliza inasimamaje. Reli za mita zilivyo ndivyo hivyo, na zile karibu milimita tatu na nusu za ziada zilikuwa zimelificha umbo lote. Ami aliinama hadi jicho likalingana na meza. "Ndiyo hiyo," akasema, akaniambia nikawashe feni.

Wageni walifika. Miongoni mwao mjukuu wa dada yake, mtoto wa Nairobi wa darasa la tatu, aliyekuja na SGR hadi Miritini na basi hadi Mokowe, na simulizi zake zote zilikuwa za kasi. Aliiangalia dizeli ikizunguka na mabehewa yake matano bila kuacha njia, raundi baada ya raundi, kisha akauliza, "Babu, na SGR iko wapi?"

Nikaona nimepata matumizi ya vile vipande vizima vya reli ya zamani. Nikavitoa chini ya meza: tungevilaza ubavuni, kando ya ukuta, ile ya mita hapa na ile pana pale, kama zinavyoonekana Mombasa.

"Hiyo ni 1,257," ami alisema bila kuviangalia. "Si SGR hiyo."

"Kwani SGR inatakiwa ngapi?" mtoto akauliza.

"18.83."

Mke wa ami, aliyekuwa akipanda na sinia ya mahamri, alisimama ngazini. "Meza haina nafasi tena!" akasema. "Na hawa watu watalala wapi?"

Ami alikuwa ameshatoa kalipa. Alipima nafasi iliyobaki baina ya reli na ukuta, akampa mtoto aisome namba, kisha akanigeukia. "Kile kipande cha mpingo, kilibaki kingine?"