Mgongo Ukigusa Chini

Utotoni mwetu hapa Tanga, mieleka ilikuwa na hukumu moja isiyokatiwa rufaa: mgongo wako ukigusa mchanga, umeshindwa. Tulishindana hivyo ufukweni Raskazone wakati wa maji kupwa, na aliyejua kupiga mtama aliondoka na sifa zote hata kama hakujua jambo jingine lolote. Baadaye nikaingia katika ngumi, ambako aliyeanguka huhesabiwa hadi kumi, na imani yangu juu ya kusimama ikazidi kuota mizizi.

Mwaka jana nilianza mazoezi ya mapigano mchanganyiko katika ukumbi mdogo wa Ngamiani, ambao sakafu yake imetandikwa magodoro yaliyoshonewa turubai. Siku ya kwanza mwalimu alinipambanisha na kijana muuza madafu niliyemzidi uzito kwa kilo zisizopungua 15. Nikampiga ngwala, akaanguka chali, nami kwa mazoea ya utotoni nikasimama kungoja sifa. Hakuna aliyesema neno. Nilipomfuata chini kwa makonde, alinizungushia miguu kiunoni, akakivuta kichwa changu kifuani pake, na kabla sijaelewa mkono wangu mmoja umepotelea wapi, shingo yangu ilikuwa imebanwa kati ya paja lake na bega langu mwenyewe.

“Gonga, kaka,” aliniambia kwa upole. Nikaligonga godoro kwa kiganja, ishara ya kukubali kushindwa.

Mtaani wangeiita roba, ingawa roba ya mtaani hukandamiza koo na kuziba pumzi, ilhali kabali ile hubana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo, na ndiyo maana asiyegonga mapema huweza kuzimia kwa sekunde chache.

Nilirudi nyumbani nikitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba mtu aliyelala chali bado anapigana. Wagiriki wa kale walikuwa na pankrationi, iliyoingizwa katika michezo ya Olimpiki mwaka 648 KK, ambamo ngumi, mateke na mieleka viliruhusiwa pamoja. Lakini njia iliyofika hadi kwa yule muuza madafu ni nyingine. Jigoro Kano aliasisi judo nchini Japani mwaka 1882. Mfuasi wa shule yake, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na huko Belém akamfundisha Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake, hasa Hélio aliyekuwa na umbo dogo, waliutilia mkazo upande wa ardhini, ambako nguvu ya mabega haina thamani kubwa kama nyenzo ya nyonga na miguu. Mwaka 1951, katika uwanja wa Maracanã, Hélio alivunjwa mkono na Masahiko Kimura kwa sababu alikataa kusalimu amri, na mkunjo huo wa mkono ukabaki na jina la Kimura hadi leo.

Pambano linaloniuma zaidi, kama bondia, ni la Denver, Marekani, tarehe 12 Novemba 1993, katika mashindano ya kwanza ya UFC, shirika la mapigano mchanganyiko. Bondia Art Jimmerson aliingia ulingoni akiwa amevaa glovu moja tu, akaangushwa na Royce, mwana wa Hélio, akakaliwa juu, kisha akagonga kabla hajakabwa wala kukunjwa kiungo chochote. Watu humcheka, mimi siwezi, maana namfahamu vizuri mtu ambaye maarifa yake yote yamo miguuni na ghafla hana pa kusimama. Usiku huohuo Royce aliwashinda pia Ken Shamrock na Gerard Gordeau, akatwaa ubingwa.

Siku hizi raundi ni ya dakika 5, na ukumbini kwetu tunafuata kipimo hichohicho. Kila Jumanne baada ya swala ya alasiri huomba nianze nikiwa chali, muuza madafu akiwa juu yangu. Jumanne iliyopita nilidumu dakika 4.