Malindi, Marafa mpaka Ngomeni kwa piki: mchanga hauangalii bei

Ukitaka kujua pikipiki yako ni ya kazi ama ni ya kupigia picha, vuka daraja la Sabaki halafu acha lami. Basi. Habari za cc ngapi na ulinunua pesa ngapi zitaishia hapo hapo.

Mimi naendesha Yamaha DT 125 kuukuu, ishapigwa rangi mpaka hata ile ya kwanza siijui. Athmani yeye alikuja kutoka Mombasa na dude la 800cc, mabegi ya chuma huku na huku, mataa ya kutosha lori. Hiyo ni kilo mia mbili na ushee kabla hajapanda mwenyewe, na mwenyewe si mwembamba.

Tukatoka mapema jua halijachanganya, mahamri na mbaazi tumboni, na kwenye lami jamaa akanipita vuu akapotea, sikumwona tena mpaka darajani amesimama anaangalia maji. Mto ulikuwa umejaa tope, rangi ya chai ya maziwa. Maji yenyewe ni ya Athi, yanatoka kule bara upande wa Nairobi yanapita Tsavo ndio yanatufikia sisi, na mvua ikipiga huko juu bahari ya Malindi yote inageuka kahawia na watu wa mahoteli wananuna wiki nzima.

Barabara kubwa ya Marafa tukawaachia wenye probox. Sisi tulikata vinjia vya mashambani upande wa Magarini, minazi, mikorosho, mananasi, mbuzi wamelala katikati ya njia na hawana haraka na mtu. Mwanzo ni udongo mwekundu mgumu, wenye yale mawimbi yanayotetemesha mpaka meno, na hapo nikubali dude lake lilikuwa linapita tamu kuliko langu, shoku zake zinameza kila kitu. Halafu mchanga ukaanza.

Sasa mchanga wa huku una tabia yake. Unaona njia iko sawa kabisa, ghafla tairi la mbele linaanza kwenda linakotaka lenyewe. Dawa ni kusimama kwenye vikanyagio, uzito nyuma kidogo, mikono ilegee, na resi usikate. Kila mtu akiogopa anakata resi, na ukikata tu uzito wote unakuja mbele, tairi linazama, kwisha maneno yako. Tena toa upepo kwanza. Mimi nashuka mpaka psi 18 hivi kwenye kipimo cha upepo, tairi linatanuka linakaa juu ya mchanga badala ya kuuchimba, lakini usizidishe kama una tyubu maana tyubu inazunguka ndani ya ringi inang'oa valvu, na hapo utasukuma mpaka ukumbuke dhambi zako. Pampu ya baiskeli inatosha kurudisha, naifunga nyuma ya siti kwa mpira.

Nikamwambia Athmani toa upepo. Akasema piki yake ina kompyuta ya mchanga, anabonyeza kitufe tu. Haya, bonyeza bwana.

Mara ya kwanza akalala taratibu, tukacheka. Mara ya pili hatukucheka sana, mkono wa klachi ukakatika ncha akabaki na kipande cha kutosha vidole viwili. Kuliinua lile dude mchangani ni shughuli nyingine, ukisukuma huku linateleza kule, na chini ya injini kumechemka. Akatokea mzee na jembe begani, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akalitazama weee, akauliza "Hii wanangu inabeba magunia mangapi?" Athmani akasema haibebi gunia. Mzee akanyamaza akashika upande wa nyuma, tukainua. Baada ya hapo upepo ukatolewa bila maneno, na kompyuta sikuisikia tena.

Marafa tukafika jua liko utosini, ambao ndio wakati mbaya kuliko yote. Lile bonde la Nyari watu wanaliita Jiko la Shetani na ukishuka chini saa sita utajua sababu, joto linakupiga kutoka chini na kutoka ubavuni. Lakini macho yanashiba. Ni mchanga na udongo uliokatwa na mvua na upepo miaka na miaka, kuta zimesimama nyembamba juu zimechongoka, nyeupe, waridi, chungwa, na chini nyekundu kabisa. Ukimkuta wa kukutembeza atakupa na hadithi ya matajiri waliokuwa na ng'ombe wengi mpaka wakaoga maziwa, Mungu akawadidimiza na mali yao, ule weupe ni maziwa na wekundu ni damu. Nenda jioni, rangi zinawaka, na hutatoka na buti zimejaa jasho kama sisi.

Pale sentani kijana fundi wa bodaboda akauchukua ule mkono wa klachi, hakuwa na spea yake na hakujifanya anayo. Akaulainisha kwa tupa mahali ulipokatika usimkate vidole, akauviringishia kipande cha tyubu ya zamani ukanenepa, unashikika. Dakika kumi. Athmani alitoa noti na hakungoja chenji.

Kutoka hapo tukateremka upande wa bahari tukatokea Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi, marundo meupe yanaumiza macho, halafu mpaka Ngomeni. Njia ya huko ikikauka ni safi, ikilowa ni sabuni. Ukisimama ufukweni unaona ile mitambo ya San Marco imesimama baharini kwa miguu yake. Athmani mtu wa Mombasa miaka yote hakujua kwamba hapo Waitaliano walirusha setilaiti tangu 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa ya Marekani ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku yetu ya Uhuru, ya kwanza duniani yenye kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei inayotoka angani. Alinitazama kama namdanganya, mpaka akaitafuta kwenye simu. Tukala samaki wa kukaanga na sima, ndimu na pilipili nyingi, hapo sina la kuongeza.

Ushauri wangu mmoja wa upande huo, chumvi. Inaingia kwenye cheni, kwenye spoki, kwenye waya za umeme. Ukifika nyumbani usilale, mwagia maji baridi ya bomba, kausha, paka cheni oili. Tuliosha zote mbili uani kwangu na bado tunabishana, yeye anasema shida ilikuwa tairi zake ni za lami, akiweka zenye meno makubwa za mchanga nitamwona. Inawezekana. Lakini tairi halipunguzi kilo.

Safari ijayo tunataka upande wa Galana, Kakoneni, Langobaya, mpaka geti la Sala. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya Tsavo kwa hivyo tutagusa geti turudi. Athmani anauliza kama kuna mtu Malindi anauza DT. Nimemwambia yangu haiuzwi.