Maswali ya Wanaotaka Kuhamia Ujerumani
Kila nirudipo Tanga likizoni, vijana wa barazani Ngamiani huniuliza kwanza habari za mshahara, ilhali mimi ningeanza na makazi. Ukishahamia nyumba Ujerumani, sheria inakutaka uandikishe anwani yako ndani ya wiki 2, ukiwa na karatasi iliyotiwa saini na mwenye nyumba. Bila cheti cha uandikishaji huo, hata kufungua akaunti ya benki huwa kazi ngumu. Bima ya afya ni lazima. Kuhusu uraia, ambalo ndilo swali la wazazi, Ujerumani imeruhusu uraia pacha tangu Juni 2024, lakini Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao, hivyo anayechukua uraia wa kule kwa hiari yake huupoteza wa Tanzania.